Jirzi Iliyoingia Safu ya Marungu

Kabla hujashika rungu la makumbusho, nionyeshe mikono. Sikutanii. Jasho la kiganja lina chumvi, na chumvi na chuma ni mawifi wawili jiko moja, hawakai salama. Mie nlikuwa nkiwarudisha watu bombani hata wakiwa na shahada za Uingereza. Wapo walioninunia na mpaka leo wananinunia, lakini marungu yao hayana kutu. Basi nawa, jifute, vaa glavu, halafu njoo nkuhadithie.

Mmeniomba, wanangu, nyie mlioajiriwa juzi kwenye ghala la makumbusho hapa Maskati, nkuandikieni habari za kazi yetu. Haya. Mie nlikaa chumba cha silaha miaka yote ya tisini na mingi ya elfu mbili, nkitoka kwangu Amerati alfajiri na gari langu bovu, nkirudi na vumbi la karne saba nguoni. Watu nikiwaambia kazi yangu ni kutunza marungu ya vita hucheka. "Bi Zuwena na marungu!" Mamangu, Mungu amrehemu, akiwaambia jirani zake mwanawe yuko serikalini, basi, hapo anafunga mdomo. Rungu halitaji. Aliona nikijulikana ntakosa mchumba, na wallahi mmoja alikimbia kweli.

Siku yangu ya kwanza Maalim Hamdun alitoa rungu la chuma kabatini akanambia, "Shika." Huyu Maalim ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba cha silaha. Mzanzibari kama sie, zamani mwalimu wa skuli, mwembamba, mkali, miwani kaifunga kwa kamba ya kiatu. Mie kuona kile kichwa cha chuma nkajikaza, nkapanua miguu kama mtu anayetaka kunyanyua gunia la mchele, nkalikamata kwa nguvu zangu zote. Lo! Rungu likaruka juu likagonga taa, vigae vikatumwagikia vichwani. Maalim akalitazama rungu kwanza, halafu ndo akanitazama mie.

"Zito au jepesi?"

"Jepesi, Maalim."

"Somo la kwanza ndo hilo. Sasa fagia."

Hapo ndo watu wengi wanapopotea. Sinema zimewafunza kwamba rungu la vita ni chuma kikubwa, mpaka alinyanyue pandikizi la mtu. Aka! Jaribu wewe kupunga kitu cha uzito huo juu ya farasi, ukikosa pigo moja mkono haurudi, na aliye mbele yako hakusubiri. Rungu zuri la zama zile za kati ni jepesi, kilo moja, moja na nusu, na uzito wenyewe umekaa kichwani. Askari wa siku hizo kavaa deraya ya chuma. Upanga ukimpiga unateleza, ukingo unaharibika bure. Rungu halitelezi. Deraya inabaki nzima kwa nje, na mfupa ulio ndani ushavunjika. Ukisahau yote nliyoandika humu, usisahau hili, maana ukiletewa rungu "la vita" linalokuvunja kiuno kulinyanyua, mwenye kukuletea ama kadanganywa ama anataka kukudanganya wewe.

Nshaletewa mangapi! Soko la Matrah miaka ile lilikuwa na mabwana wakizika chuma kipya kwenye mchanga wa chumvi wakakifukua kimezeeka kuliko bibi yangu. Mmoja alitujia na rungu lenye mbawa sita, ati la vita vya Waajemi. Nkaligeuza, nkaona mbawa zote zimelika sawasawa, kama mtu alipiga tupa akiwa amekaa kitako na chai yake pembeni. Nkamuuliza, "Bwana, huyo askari alikuwa akimpiga adui huku akilizungusha ili lisichakae upande mmoja?" Akacheka, akatupa mkono, akaenda zake kulijaribu kwa watalii.

Sasa namna za marungu. Maalim alikuwa akiyapanga mezani kama mtu anayekujulisha kwa ukoo wake. Hili hapa la kichwa cha mviringo ndo mama wa wote. Misri ya kale walilichonga kwa jiwe, wakaja wenye shaba, wakaja wenye chuma, umbo likabaki lile lile. Lenye vinundu, mithili ya fenesi, ni mtoto wake. Lenye mbawa ndilo kipenzi cha wapanda farasi wa Uajemi na Bara Hindi na hata Ulaya: vipande bapa vya chuma vimesimama kuzunguka kichwa, na nguvu yote ya pigo inajikusanya kwenye ukingo mmoja mwembamba. Lipo la miiba. Lipo la Kiajemi lenye kichwa cha ng'ombe, pembe na masikio kamili. Hilo la fahari, la kubebwa mbele ya mkubwa. Na lile tufe la mnyororo mnalolipenda kwenye michezo ya kompyuta? Hilo msililete meza hii. Maalim akisema hilo ni mtoto wa jirani: anacheza na wanetu lakini halali kwetu.

Kuna na hadithi ya maaskofu wa Ulaya, kwamba wakipigana kwa rungu kwa sababu dini yao inawakataza kumwaga damu. Maalim akiisikia anacheka mpaka anakohoa. "Kwani ukimpasua mtu kichwa kwa rungu hutoka maji ya ndimu?" Msiiandike kwenye vibao vyenu. Andikeni kwamba bunduki zilipokuja rungu likastaafu, kama mie, likapakwa dhahabu likawa la heshima. Hata lile linaloingizwa bungeni Dodoma, wanaloliita siwa, ni mjukuu wa hawa hawa.

Ilipokuja kompyuta, miaka ya elfu mbili, tulipata tabu. Mashine ilikuwa na kisanduku cha rungu na kisanduku cha shoka, na kila kitu lazima kiingie kimoja. Na kitu chenye uso wa shoka mbele na kinundu cha rungu nyuma? Kijana aliyetuletea mashine akanambia, "Khalati," yaani mama mdogo, "chagua tu." Nkamwambia, mwanangu, wewe mamako Mzanzibari na babako Mwarabu wa Nizwa, nani kakuchagulia? Akaongeza kisanduku cha tatu.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la kitako. Mtu yeyote akipewa rungu hutazama kichwa. Maalim akitulazimisha tuanze chini. Rungu la vita hushikwa karibu na mwisho wa mpini, kwa hiyo hulainika pale pa kiganja, na kitako chake husalia kizima kwa sababu hakigusi ardhi. Fimbo ya kutembelea ni kinyume chake. Hulainika juu, mkono unapopumzika, na kitako huchubuliwa na kokoto. "Kichwa kinasema kilichotaka kusemwa na fundi," akisema Maalim. "Kitako kinasema maisha." Akitupigia kelele neno hilo kila wiki. Sasa sikilizeni alivyolisahau mwenyewe.

Mwaka mmoja, miaka ya tisini inakwisha, tulikuwa tunatayarisha maonyesho ya marungu. Maalim kayapanga ukutani kwa safu, kuanzia la jiwe, likafuata la chuma cha mviringo, na lenye mbawa, na la ng'ombe, na mwisho wa safu akaacha nafasi tupu. Ile nafasi alikuwa akiiwekea jirzi. Jirzi ni fimbo ndefu yenye kishoka kidogo juu, wanayotembea nayo wanaume wa milima ya Musandam, huko kaskazini. Sie wengine tukitaka kupendeza tunavaa khanjari kiunoni. Wao wanashika jirzi. Maalim akiamini kwamba jirzi ni jamaa ya rungu la Waajemi, lile waliloliita gurzi, lililovuka maji likapungua kichwa likaongezeka mpini. Wenzake hawakubali. Akawa anatafuta jirzi ya zamani yenye kinundu nyuma ya kishoka, awaonyeshe udugu wenyewe. Miaka anaitafuta. Tulishachoka kusikia.

Siku tatu kabla ya ufunguzi likaja sanduku la vitu vya kuazima kutoka kaskazini, likawekwa pale mlangoni karibu na meza ya mlinzi. Wapagazi wakabeba kila kilichokuwepo wakateremsha ghalani. Nlipoingia nkamkuta Maalim kasimama katikati ya chumba, jirzi mikononi, macho yamemjaa machozi.

"Zuwena," akanambia, "itazame nyuma."

Nkatazama. Kinundu, kizuri, cha mviringo, na michoro myembamba shingoni. Nkafurahi, namna gani nisifurahi? Mtu kapata alichokitafuta. Hapo hapo akapaka kwenye mpini ulimbo mwembamba, mfano wa rangi ya kucha, akaandika nambari, akapaka ulimbo tena juu, kazi safi kama kawaida yake. Akatoa kadi akaijaza kwa mwandiko wake wa skuli: jirzi ya sherehe, umri mkubwa, mpini umechakaa kwa uzee. Akaitundika mwisho wa safu, akakaa kitini akaitazama kama bibi harusi.

Adhuhuri imepita, mlinzi akanipigia simu. "Bi Zuwena, njoo. Kuna mzee hapa hataki kuondoka."

Nkapanda juu. Mzee wa Musandam, ndevu nyeupe, kakaa kwenye benchi mikono juu ya magoti, na mikono yenyewe haijui ikae wapi. Jina lake Saleh. Alikuja asubuhi na gari la mchuuzi wa samaki, kaingia kwetu, kama alivyonambia mwenyewe, kutafuta baridi na ushujaa. Mlinzi kamwambia fimbo haziingii ndani, akaiegemeza mezani pembeni ya lile sanduku. Akazunguka, akatazama vyungu, akatoka, fimbo hamna.

"Tutaitafuta, mzee wetu," nkamwambia, na nlishajua iko wapi.

"Itafute upesi, binti yangu. Ndugu yangu anaondoka na basi la mahujaji baada ya laasiri."

Akanieleza. Baba yao alipokufa aliacha jirzi. Wote wawili waliitaka. Saleh ni mkubwa, akaichukua bila kuuliza mtu. Mdogo wake, Abdalla, akamwambia, "Umenichukulia mkono wa baba," akahamia Maskati, akajenga Mabela, na toka siku ile hawajasemeshana. Saleh hakuwahi kukanyaga nyumba ile, wala Abdalla hakurudi mlimani hata kwa msiba. Sasa kasikia nduguye anakwenda Makka. Nanyi mnajua, mtu hatoki kwenda kuhiji mpaka aombane radhi na watu wake.

"Nimekuja kumpa," akanambia. "Nikienda mikono mitupu ataona nimekuja kumtazama tu."

Nkamchukua mkono nkamteremsha ghalani. Sikuona njia nyengine. Alipoiona ukutani akaenda moja kwa moja, akanyoosha mkono, na Maalim akaruka mbele yake.

"Haiguswi hiyo! Amana ya makumbusho!"

"Mali ya babangu," akasema mzee, taratibu.

Hebu mfikirini Maalim wangu. Miaka ya kutafuta, kaipata, kakaa nayo saa mbili tu. Akaanza kubabaika kwa Kiarabu cha vitabuni: imekuja na sanduku, ina nambari, ina kadi, kitu chenye nambari hakitoki ila kwa saini ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Salala, safari ya siku nzima. Mzee akamwambia, tazama kwenye kinundu, kuna ufa mdogo kwa chini. Maalim akasema ufa hata mie nauona. Mzee akasema, kamba ya ngozi ya shingoni nimeifunga mie. Maalim akasema kamba zote zinafanana. Uso umemwiva. Nlimpenda sana Maalim, lakini siku ile nlitamani nimzabe kofi.

Saa ukutani inakwenda. Nkavaa glavu, nkaitungua ile jirzi, mkono mmoja kichwani mmoja mpinini kama alivyonifunza, nkaigeuza juu chini nkamuwekea kitako mbele ya miwani.

"Maalim. Tuanze wapi?"

Akatazama. Kitako kimechubuka, na ndani ya michubuko mna vumbi jeupe, la leo leo, la kokoto za maegesho yetu wenyewe. Na juu, chini kidogo ya kishoka, mbao imelainika inang'aa, kiganja cha mtu kilipokaa asubuhi ile. Hakuna uzee wa karne nyingi hapo. Ni fimbo inayotembea.

Maalim akavua miwani akakaa.

"Nliitaka mno," akasema. Kwa Kiswahili, mie tu nisikie. "Nkaitaka mpaka nkaacha kutazama."

Akainuka, akachukua pamba na dawa ya kuondolea ulimbo, akaifuta nambari kwa mkono wake. Mzee akakunja pua. "Inanuka kama kucha za mke wa mwanangu." Sote tukacheka, na Maalim akacheka kuliko sote, ila nlimuona anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Kadi akaichana. Yale maonyesho yalifunguliwa na msumari mtupu mwisho wa safu, na wageni walipomuuliza Maalim pana nini hapo, akawajibu, "Pana kitu ambacho bado kina kazi." Ndo maana nnakwambieni, mkikitaka kitu sana mpeni mwengine akitazame. Mapenzi hayafai kuandika kadi.

Lakini hayo ya ufunguzi yalikuja baadaye. Saa ile sie tunakimbia. Nkawatia wazee wawili kwenye gari langu, Maalim mbele, Saleh nyuma na jirzi kailaza mapajani, maana kishoka kikitoka dirishani tungekamatwa. Njia nzima Maalim akinisimanga nnaendesha vibaya. Mie nkimwambia ateremke aende kwa miguu. Tulipofika kwenye mzunguko wa Mabela Saleh akasema, "Labda hataitaka."

Basi lilikuwa mbele ya msikiti, injini inanguruma, mabegi juu, watu wanakumbatiana na kulia. Abdalla alikuwa ameshaweka mguu kwenye kidato. Akageuka akamuona kaka yake. Akateremka.

Wallahi nlidhani watapigana. Walisimama wakatazamana, wazee wawili, ndevu zile zile, pua ile ile. Saleh akaishika jirzi kwa mikono miwili akamnyooshea.

"Ya baba. Nlikosa. Nimekuletea uende radhi."

Abdalla akaipokea. Akapitisha kidole kwenye ile michoro ya shingoni, polepole, akaiinamia akaibusu, na mabega yakaanza kumtikisika. Dereva akapiga honi. Hapana aliyemjali.

"Haji haendi Makka na shoka, kaka," Abdalla akasema, akacheka huku analia. Akamrudishia mikononi. "Kaa nayo. Nikirudi salama nakuja kuichukua kwako, nyumbani, mlimani. Namtaka na shemegi anipikie papa."

Wakakumbatiana mpaka dereva akateremka mwenyewe kuwaachanisha. Basi likaondoka. Saleh akabaki kasimama, jirzi mkononi, vumbi linamrukia usoni, midomo inamcheza. Nkadhani anaomba dua. Kumbe anapiga hesabu.

"Mahujaji hurudi lini?" akauliza.

Maalim akamwambia.

"Na yeye atakuja na wanawe. Mie sina chumba cha wageni." Akageuka kutazama yale majumba mapya ya Mabela yanayojengwa kila upande, akanishika mkono wa nguo. "Binti yangu, huku kwenu saruji inauzwa wapi?"